UZI: Mgodi wa zamani uliojaa maji – kabla hujawasha pampu (Kakamega, Vihiga, Siaya, Migori)

Mchimbua_Mwamba

Mulembe wakuu. Kila bei ya dhahabu ikipanda, humu jukwaani anatokea mtu wa kuuliza habari za mashimo ya wakoloni. Rosterman pale Kakamega ilifungwa 1952. Macalder ya Nyatike, iliyotoa shaba pamoja na dhahabu, ilifungwa 1966. Kati ya hizo mbili kuna mashimo mengi madogo ya miaka ya 1930 ambayo hata jina hayana. Yote yamejaa maji, na karibu maswali yote huanza na "ninunue pampu gani?"

Pampu ije baadaye. Kwanza jua mambo matatu: ni maji kiasi gani, ni maji ya aina gani, na yakitoka yanaelekea wapi. Ukishaanza kuyatoa hakuna kupumzika. Ukizima wiki mbili, maji yanarudi juu, mbao zilizokuwa zimeanza kukauka zinalowa tena, chumvi za chuma zilizoota ukutani zinayeyuka, na maji ya mara ya pili yanakuwa makali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo pesa ya kupampu mwezi wa kwanza bila pesa ya mwezi wa sita ni pesa ya kutupa.

Hesabu ya ujazo haitaki kompyuta. Tafuta tani zilizotolewa katika maisha yote ya mgodi, gawa kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya mwamba. Mfano: tani 120,000 kwa mwamba wa tani 2.75 kwa mita ya ujazo ni kama mita za ujazo 43,600. Theluthi ya vyumba vya uchimbaji mara nyingi ilijazwa mawe taka, lakini mawe hayo nayo yana nafasi katikati, karibu asilimia 38, inayobeba maji. Kwa hiyo unapunguza 9,000 hivi tu, si 14,500. Halafu unaongeza shafti (shimo la wima la kushukia mgodini) na mahandaki yaliyopita kwenye mwamba usio na madini, tuseme 5,000. Unapata kama 40,000.

Pampu ya mita za ujazo 100 kwa saa, na maji yanayoingia ni 30 kwa saa: unashinda kwa 70. Hiyo ni siku 24 bila kuzima. Sasa weka stima ya kwetu, pampu ifanye kazi asilimia 80 ya muda. Watu wengi watasema siku 30. Sivyo. Pampu ikilala, zile 30 hazilali. Unashinda kwa 50 tu, na siku zinakuwa 33.

Jakuja

Mchimbua, hiyo 30 umeitoa wapi? Huku Nyatike kila mtu anajitajia namba yake.

Mchimbua_Mwamba

Inapimwa, omera. Pampu saa 24 kwa mita za ujazo 100 kwa saa, yaani mita za ujazo 2,400. Tuseme maji yameshuka mita 3. Zima, subiri saa 24 nyingine. Tuseme yamepanda mita 1. Maji yaliyoingia kwa siku yanatosha kujaza mita 1, na 2,400 ni mita 3 zilizoshuka pamoja na hiyo 1 iliyokuwa ikiingia wakati unapampu. Basi mita moja ya kina ni mita za ujazo 600, na maji yanayoingia ni 600 kwa siku, yaani 25 kwa saa. Jipatie na jibu la pili bure: eneo la maji pale juu ni mita za mraba 600, wakati mdomo wa shafti una 6. Hapo unajua kuna vyumba vikubwa vimeungana nawe upande.

Ila namba hiyo ni ya juu juu. Kadiri unavyoshuka, maji ya mwambani yanasukumwa kwa nguvu zaidi, na yanayoingia yanaongezeka. Rudia kipimo kila mita 10 hadi 15. Na hata maji ya kipimo hayamwagwi mtoni; chimba bwawa lake kwanza.

Mpimaji_Ramani

Niongeze kuhusu karatasi, maana hapo ndipo watu wanapotea kabla ya kugusa maji.

Ripoti na ramani za zamani zinatafutwa Madini House, Nairobi. Ukizipata, kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mfumo wa ramani. Karatasi za Kenya zimechorwa kwa Arc 1960, simu yako inasoma WGS84, mfumo wa GPS. Huku kwetu karibu na ikweta, namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake zinakupeleka kama mita 300 kaskazini au kusini na mita 85 hivi mashariki au magharibi. Mita 300 Kakamega ni boma la mtu mwingine kabisa. Na ramani za chini ya ardhi mara nyingi zilitumia kaskazini ya dira na vipimo vya futi kutoka mdomo wa shafti. Kabla ya kuamini chochote, tafuta alama mbili zilizobaki juu ya ardhi (msingi wa winchi, mdomo wa shafti ya pili) uzipime na uzilinganishe na mchoro.

Wa pili ni kiwango cha dhahabu. Ripoti inasema "dwt 8 kwa tani" (dwt ni pennyweight, kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu). Dwt moja kwa tani fupi ya ratili 2,000 ni gramu 1.71 kwa tani yetu ya kilo 1,000. Kwa tani ndefu ya ratili 2,240 ni gramu 1.53. Kwa hiyo dwt 8 ni gramu 13.7 au 12.2, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa faida yako yote. Ripoti nzuri itataja tani gani mahali fulani, mara nyingi kwenye jedwali la uzalishaji. Halafu uliza: hizo gramu ziko kwenye mwamba uliobaki kweli, au ni za nguzo zilizoachwa kushikilia paa? Mwamba wa nguzo usiuhesabu kuwa wako. Ukiutoa, paa linakuja.

Na ramani ya mwisho kwa kawaida ni ya miezi kadhaa kabla ya kufungwa. Miezi ile watu walikuwa wakichukua kilicho karibu, bila kuchora.

Kijana_wa_Shinyalu

Heshima wakuu. Sisi kikundi chetu tuna shimo la zamani, maji yako mita 14 kutoka juu. Tumepewa pampu ya petroli ya inchi 3. Tukiiweka juu haivuti. Tukiishusha chini kwa jukwaa si itavuta?

FundiPampu_Kisumu

Kijana, simama hapo hapo. USISHUSHE injini ya petroli ndani ya shimo. Hata kwa dakika kumi, hata kama kuna upepo juu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na shimoni haina pa kwenda. Anayeshuka kuongeza mafuta analegea magoti, anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Vifo vya namna hii vinajulikana katika machimbo ya eneo hili lote.

Sababu ya kutovuta iko wazi. Pampu iliyo juu haivuti maji. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kupanda bomba. Kakamega iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya hapo inaweza kusukuma maji mita 8.6 tu hata kwa pampu kamilifu. Toa msuguano na uvujaji, unabaki na 6 hivi. Maji yakiwa mita 14 hakuna pampu ya kuvuta itakayoyafikia. Unahitaji pampu ya stima ya kuzamishwa, injini yake (jenereta) ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo unapeleka moshi kwingine.

Sasa kwa mgodi wenyewe. Tumia mfano wa Mchimbua: mita za ujazo 100 kwa saa, kina cha mwisho mita 120. Bomba la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 160, unene wa SDR11, la kuhimili bari 16. Ndani lina milimita 131, maji yanakwenda mita 2 kwa sekunde, na msuguano ni kama mita 2.6 kwa kila mita 100. Ukiwa na mita 120 za shafti na 180 za juu hadi bwawani, hiyo ni mita 8. Weka 10 pamoja na kona na vali. Jumla mita 130. Nguvu ya maji yenyewe ni kilowati 35. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 itataka 55 kwenye mhimili. Nunua mota ya 75, usinunue ya 55.

Mambo yanayoua pampu hizi, na hayaandikwi kwenye tangazo la duka:

Mwanzoni maji yako mita 15, na pampu umeinunulia mita 130. Ikikosa mzigo wa kusukuma, inatoa maji kupita kiasi chake, mota inavuta ampea nyingi na inaungua siku ya kwanza. Weka geti valvu juu uibane mpaka geji isome karibu na presha ya kazi, kisha uifungue kidogo kidogo kadiri maji yanavyoshuka. Kifaa cha kubadili kasi ya mota ni bora zaidi, na kinalipa gharama yake kwa stima unayookoa wiki za kwanza.

Pili, pampu za visima hupozwa na maji yanayopita kando ya mota. Kwenye kisima chembamba hayana njia nyingine. Kwenye shafti ya mita 2 kwa 3 maji yanaingia mdomoni mwa pampu kutoka pande zote, na yaliyo kando ya mota yanasimama tu. Ivalishe mota koti la bomba, lililofungwa juu ya mdomo wa kuvutia na wazi chini, ili maji yapite mwilini mwa mota angalau sentimita 15 kwa sekunde. Kitabu cha mota kitakupa namba kamili.

Tatu, uzito. Bomba mita 120 ni kilo 800, maji yaliyomo kilo 1,600, pampu na mota 350, kebo kama 350. Hiyo ni tani 3 zinaning'inia. Waya wa chuma uwe wa kukatika kwa tani 18 au zaidi, na usifungwe kwenye mbao za zamani za mdomo wa shafti hata zikionekana nzima. Weka mihimili mipya ya chuma inayolala kwenye msingi wa zege nje ya udongo uliolegea.

Kuhusu chuma: kabla ya kununua, pima pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, ikishuka maji ni makali zaidi). Chini ya 4, pampu ya chuma cha kawaida huliwa kwa wiki chache. Taka chuma cha pua cha daraja la 316.

Maji_Safi_Yala

Asante Fundi. Sasa niseme ya maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo migodi mingi hufungwa na NEMA (mamlaka ya mazingira), na ni haki.

Mgodi uliotulia miaka 60 maji yake yana matabaka. Juu kuna maji ya mvua, safi kiasi kwamba ng'ombe wanaweza kunywa. Chini kuna mazito, yenye chuma, salfeti, pengine aseniki, ambayo ni sumu. Mtu anachota ndoo juu, anapeleka maabara, anapewa karatasi nzuri, anaanza kupampu, na wiki ya tatu mto umekuwa rangi ya chungwa. Sampuli ichukuliwe kila mita 10 hadi chini, kwa chombo kinachojifunga kikiwa kwenye kina hicho. Kama huna pesa ya maabara kwa kila sampuli, shusha kipimo cha kupitisha umeme na pH kwa kebo. Mahali namba inaporuka ghafla ndipo tabaka linapoanza, na hapo ndipo upeleke sampuli maabara.

Macalder ni mwamba wa salfaidi nzito (madini ya metali yenye salfa): pairaiti, pairotaiti, kalkopairaiti, sfaleraiti. Hizo zikikutana na hewa na maji hutoa asidi. Mishipa ya kwatzi ya upande wa Kakamega haina salfaidi nyingi hivyo, lakini mahali penye asenopairaiti (salfaidi yenye aseniki) usitoke bila kipimo cha aseniki. Maji yanaweza kuwa na pH ya 7 na bado yakawa na aseniki.

Chokaa cha kuua asidi kinapigwa hesabu hivi. Maabara itakupa asidi jumla kama miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Zidisha kwa 0.74 upate chokaa kilichozimwa. Asidi 500 ni gramu 370 kwa mita ya ujazo. Kwa mita za ujazo 2,400 kwa siku ni kilo 890 kwa chokaa safi. Chokaa cha dukani si safi na hakiyeyuki chote, kwa hiyo panga tani 1 kwa siku. Usitumie pH kukadiria chokaa. Maji mawili yenye pH 3.5 yanaweza kutofautiana mara kumi kwa asidi, maana chuma kilichoyeyuka kinaficha asidi ambayo inatoka baadaye.

Halafu hewa. Chuma kinachotoka chini hakijashika oksijeni. Miligramu 1 ya oksijeni hushughulikia 7 za chuma. Maji yetu ya milimani, kwa nyuzi 22, hubeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita yakishiba. Kwa hiyo kila maporomoko unayoyajenga yanatosha kama miligramu 50 za chuma, basi. Ukiwa na 250, jenga maporomoko matano yenye dimbwi katikati, au weka kipulizia hewa. Na chokaa kitangulie: chuma hushika oksijeni kwa dakika pH ikiwa 8, lakini ikiwa chini ya 4 kinaweza kwenda hivyo hivyo hadi Ziwa.

pH 8.5 inatosha kutoa chuma na shaba kwenye maji. Zinki inataka 9 hadi 9.5. Ukipanda huko, itabidi ushushe tena kabla ya kumwaga, kwa sababu kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka maji ya kumwagwa yawe pH 6.5 hadi 8.5 na chembe zisizoyeyuka zisizidi miligramu 30 kwa lita.

Mabwawa ya kutulizia yawe mawili, kila moja la siku mbili, yaani mita za ujazo 4,800 kila moja. Moja likisafishwa, lingine lifanye kazi.

Nyasi_za_Gem

> Yakitoka yanaelekea wapi

Swali la Mchimbua la tatu ndilo la kwetu tunaoishi chini ya mto. Kuja, Migori, Yala, Isiukhu, yote yanaishia Ziwa Victoria na watu wanayanywa njiani. Waulizeni watu wa Cornwall, Uingereza. Mgodi wa Wheal Jane ulifungwa 1991, pampu zikazimwa, na Januari 1992 maji yakapasua mdomo wa handaki moja la zamani na kugeuza mto Carnon kuwa rangi ya kutu mpaka baharini. Colorado, Marekani, Agosti 2015, mafundi walikuwa wanachunguza mdomo wa mgodi wa Gold King uliozibwa na udongo; ukaachia, na karibu mita za ujazo 11,000 zikaingia mto Animas. Kote kuwili hapakuwa na uchimbaji wowote siku hiyo.

Mchimbua_Mwamba

Gold King ni funzo kubwa kwetu, Nyasi. Mdomo wa handaki ulioziba kwa udongo wenye unyevu usiuchimbue kwa jembe wala kwa ekskaveta. Kaa juu ya mlima nyuma ya kizibo, toboa tundu dogo hadi ndani ya handaki, upime maji yamesimama kiwango gani. Yakiwa juu ya paa la handaki, yashushe kwa pampu kupitia tundu hilo kwanza.

Na kwa wachimbaji wadogo wanaofuata mshipa uleule karibu na mgodi wa zamani, hatari ni ile ile kwa upande wa pili: wewe unaelekea kwenye maji. Kabla ya kulipua, toboa mbele. Angalau mita 10 mbele ya uso wa mwamba, tundu moja katikati na mengine yakipanuka pembeni, na kila tundu lianze na bomba la chuma lililosimikwa kwa saruji na lenye vali. Ukigonga maji unafunga vali. Ukitoboa bila vali, tundu la milimita 40 lenye maji ya mita 60 nyuma yake hulizibi kwa mkono wala kwa kigingi.

Kijana_wa_Shinyalu

Tumeelewa kuhusu petroli, asante Fundi. Sasa maji yakishashuka, mtu anaweza kuingia lini?

Usalama_Chini

Kijana, si swali la lini. Ni swali la kipimo.

Maji yaliyokaa na mbao zinazooza yana haidrojeni salfaidi ndani yake. Ukiyapunguzia uzito wa maji ya juu, inatoka kama soda iliyofunguliwa. Kidogo inanuka mayai mabovu. Ikifika sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla, toka. Usifikiri hewa imesafika. Na haiko shimoni tu. Inatoka pia pale bomba linapomwaga maji bwawani. Mlinzi wa bwawa asijenge kibanda chake hapo.

Mwamba wenye salfaidi hula oksijeni na kuacha hewa nzito iliyokufa. Kaboni dayoksaidi inalala chini. Kifaa cha kawaida cha gesi nne kinapima oksijeni, kaboni monoksaidi, haidrojeni salfaidi na gesi ya kulipuka. Kaboni dayoksaidi HAKIPIMI. Nunua chenye kihisi chake, au ongeza kingine.

Utaratibu: kishushe kifaa kwa kamba, kisimamishe kila mita 5 kwa dakika mbili, kisome kikirudi (vingi huhifadhi kilele cha usomaji). Oksijeni chini ya asilimia 19.5, hakuna mtu kuingia. Halafu feni. Shafti ya mita za mraba 6 na kina cha 120 ina hewa mita za ujazo 720; feni ya mita za ujazo 2 kwa sekunde, kwa mfuko wa hewa wa milimita 600 unaofika karibu na maji, inaibadilisha kila dakika 6. Iendeshe saa nzima kabla ya mtu na isizimwe akiwa ndani. Feni inasukuma hewa safi kwenda chini. Isifyonze, maana ikifyonza inavuta gesi kutoka vyumba vya pembeni hadi alipo mtu.

Mchana kabla ya mvua kubwa presha ya hewa hushuka na gesi ya vyumba vilivyofungwa hutoka nje. Asubuhi kipimo kilikuwa safi, saa nane si safi. Pima kila mara mtu anaposhuka.

Mbao je? Zilizokuwa ndani ya maji zinatoka zikionekana mpya. Zikipigwa na hewa wiki chache zinalegea. Zile za mpakani, pale maji yalipokuwa yakipanda na kushuka kwa msimu, zimeshaoza kabisa. Ndiyo maana shafti ikarabatiwe kutoka juu kwenda chini, na maji yasitangulie ukarabati kwa zaidi ya mita 5 au 6. Maji yenyewe yalikuwa yanashikilia kuta na mawe taka ya vyumbani. Ukiyashusha mita 5 kwa siku, mawe yaliyoloa yanateleza kama uji na kufunga handaki pamoja na pampu yako. Mita moja kwa siku ni mwendo mzuri hata kama hesabu ya pampu inaruhusu zaidi, na chini ya hapo kwenye mwamba mbovu.

Jakuja

Kuna jambo hamjaligusa. Maji mengi ya mgodi wa zamani si ya chini, ni mvua. Huku mashimo yaliyo wazi juu ya mshipa yanapokea kila tone. Hekta moja ikipata mvua ya milimita 50 ni mita za ujazo 500. Mifereji ya kuzuia maji juu ya mlima na vifuniko vya mashimo vinagharimu jembe na zege, na vinapunguza kazi ya pampu milele. Vifanyike kabla ya mvua za Machi.

FundiPampu_Kisumu

Kweli kabisa. Na mtu akitaka kujua bei ya uvivu huo: mota yetu ikivuta kilowati 60 kutoka kwenye waya inakula uniti 1,440 kwa siku. Kwa jenereta ya dizeli, lita 0.28 kwa uniti, ni lita 400 kila siku. Jenereta iwe ya akiba. Omba KPLC (kampuni ya stima) transfoma yako mapema, maana hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko pampu yenyewe.

Mama_Wakili_Mbale

Upande wa sheria kwa kifupi. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016 madini ni mali ya taifa hata yakiwa chini ya shamba lako, lakini haki za mwenye ardhi zinabaki na fidia ipo. Mgodi wa kupampu kiasi hiki hauendeshwi kwa kibali cha uchimbaji wa kienyeji. Unataka tathmini kamili ya mazingira kwa NEMA, leseni ya kumwaga maji machafu, na kibali cha WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) cha kutoa maji ardhini. Msidhani kwa kuwa maji ni kero hayahitaji kibali. Mrabaha unagawanywa asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Leseni kubwa ya uchimbaji huja na mkataba wa maendeleo ya jamii, usiopungua asilimia 1 ya mapato ghafi.

Na wawekezaji wajue wanaingia wapi. 1930 ilipitishwa sheria ya kulinda ardhi za wenyeji, na 1932, baada ya dhahabu ya Kakamega kupatikana, ikabadilishwa ili mwenye shamba asipewe shamba lingine badala ya lake. Wazee wa hapa wamelisikia hilo kwa baba zao. Baraza la kwanza liwe la kusikiliza, na Rosterman ya leo ni mtaa wenye nyumba juu ya mahandaki. Nyumba zipigwe picha na nyufa zipimwe kabla ya maji kushuka.

Mpimaji_Ramani

Na kwa wanaotaka kuanza na mchanga wa mabaki uliobaki juu ili upate pesa ya pampu: wazo si baya, lakini pima shaba inayoyeyuka kwanza. Kilo 1 ya shaba inameza kama kilo 2.3 za sodiamu sayanidi, dawa ya kuyeyushia dhahabu. Mchanga wa asilimia 0.1 tu ya shaba una kilo 1 kwa tani. Sayanidi inaisha kabla haijagusa dhahabu. Na mchanga uliopitia zebaki ya wachimbaji wadogo usitiwe sayanidi kabisa mpaka zebaki itolewe, kwa sababu sayanidi inaiyeyusha zebaki na kuipeleka inakokwenda maji.

Kijana_wa_Shinyalu

Swali la mwisho wakuu. Hilo tope la chokaa linapelekwa wapi? Na majirani wenye visima?

Maji_Safi_Yala

Tope kwanza. Chuma cha miligramu 250 kwa lita, kwa maji 2,400 kwa siku, kinatoa kama tani 1.15 za tope kavu. Lakini halitoki kavu. Linatoka bwawani likiwa na asilimia 3 tu ya kitu kigumu, kwa hiyo ni kama mita za ujazo 38 kila siku. Jenga vitanda vya kukaushia vyenye mchanga na kokoto chini na paa la mabati, maana kwa mvua za Kakamega bila paa halikauki. Maji yanayochujika yanarudi bwawani. Likikauka, lihifadhiwe kwenye shimo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi, mbali na mawe taka yenye salfaidi. Likikutana na asidi, metali zote ulizozikamata zinaachia upya.

Visima: orodhesha kila kisima na chemchemi ndani ya angalau kilomita moja, na zaidi pale ufa wa mwamba unapoelekea. Pima kina cha maji, pH, upitishaji wa umeme na aseniki, mara moja kiangazi na mara moja mvua zikiwa zimekolea, kabla ya pampu kuwashwa. Nakala moja ibaki kwa mwenye kisima, na nyingine kwa chifu. Pampu ikianza, pima kila wiki. Maji yakishuka kwenye kisima cha mtu, tanki na bomba la kumpa maji viwe vimeshanunuliwa.